Koti la Baba na Moyo Unaopapatika

Kwa miaka mingi nimejipatia sehemu ya riziki yangu kwa kuwacheka watu wanaogombea vibanja, yaani mashamba ya migomba ya urithi. Niliandika gazetini kuhusu wasomi wa Kihaya wanaoishi mjini, ambao hawajashika jembe tangu shule ya msingi, lakini wakisikia baba anaumwa wanawahi kijijini kumpapasa mkono mbele ya mashahidi. Niliandika kwamba mrithi wa siku hizi ni mtu anayepewa migomba ambayo hawezi kuitofautisha, ipi ya kupika na ipi ya pombe. Watu walicheka. Hata baba yangu alicheka, au aliniambia kwamba amecheka.

Kisha baba akafa, akawa ameacha neno kwa wazee kwamba mrithi ni mimi, na nikagundua kwamba nakitaka kibanja kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, ikiwemo shahada ya uzamivu ambayo sikuimaliza.

Kibanja chenyewe kiko Kishanda, wilayani Muleba: migomba, kahawa chini ya migomba, nyumba ya bati katikati, na makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba. Mimi naishi Kibeta, Bukoba mjini, ambako nina mashina machache ya migomba uani. Mke wangu anayahudumia na mimi nayasifia. Aliyekilima kibanja cha Kishanda miaka yote ni mdogo wangu. Hakusoma sana, hakuhama, na baba alipokuwa hajiwezi yeye ndiye aliyemwogesha. Mtu mwenye haki angesema kibanja ni chake. Mimi nilisema tuheshimu mila, maneno ambayo nilikuwa nimeyadhihaki gazetini si mara moja wala mbili.

Kwetu mrithi husimikwa siku ya kuanua matanga. Anakalishwa kwenye kiti cha marehemu, anavishwa koti la marehemu, kisha shangazi, dada wa marehemu, anampa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Anampa katika endeku, kibuyu kidogo chenye shingo ndefu. Shangazi huonja kwanza ili watu waone kwamba hakuna kitu kilichotiwa ndani. Mrithi anapokea na kunywa mpaka iishe. Kuanzia hapo yeye ndiye baba. Ni shughuli fupi na haina sehemu ngumu, labda moyo wako uwe umeharibika.

Wangu uliharibika kati ya mazishi na matanga.

Nilikuwa napanda kilima kurudi nyumbani, nimebeba mkoba wenye insha za wanafunzi wa chuo ninakofundisha kwa muda. Nikahisi kifuani kitu kama senene, wale panzi wa kwetu, waliofungiwa kwenye ndoo. Yale hayakuwa mapigo, zilikuwa fujo. Nilikaa kando ya barabara mpaka nikapata pumzi, nikafika nyumbani nikiwa na jasho la mtu aliyeiba.

"Umekimbia?" mke wangu akaniuliza.

"Nimetembea."

"Basi umetembea vibaya, Profesa."

Huniita Profesa. Kijijini pia huniita hivyo. Niliacha chuo kikuu nikiwa mhadhiri msaidizi, na cheo hicho nilipewa na watu wanaolijua jambo hilo vizuri.

Kesho yake alinipeleka hospitali. Daktari wa moyo alikuwa mwanamke kijana asiyependa maneno mengi. Alinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari, naye akaitazama kama mimi ninavyotazama insha iliyoandikwa kwenye basi.

"Chemba za juu za moyo wako hazipigi, mzee," akasema. "Zinapapatika. Zinatetemeka tu, na chemba za chini zinafuata zinavyoweza. Ndiyo maana mapigo yako hayana mpangilio."

"Zinapapatika kwa nini?"

"Presha ambayo hukuitibu. Umri. Unakunywa?"

"Kwenye matukio."

"Na matukio ni mengi?"

Nikamweleza kwamba baba yangu amefariki karibuni na kwamba kwetu msiba haukaushwi. Akaandika. Nikaona nimeanguka sana machoni pake, nikamtajia kwamba mimi ni mwandishi.

"Najua," akasema. "Sekondari tulisomeshwa makala yako moja. Ilikuwa ndefu."

Halafu akanieleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuuacha moyo upapatike na kuupunguza kasi tu kwa dawa, na watu wengi wanaishi hivyo miaka mingi. Ya pili ni kuurudisha kwenye mdundo wake: vidonge vya kuushika, na shoti ya umeme kifuani wakati umelazwa usingizi. Kwa njia yoyote nitameza dawa ya kuzuia damu isigande.

"Ipi inaponya?"

"Hakuna. Ya pili inarudisha mdundo. Haiahidi kwamba mdundo utakaa."

Nikachagua ya pili. Sababu niliyompa daktari ilikuwa kwamba nahema hata nikifunga kamba za viatu, na ilikuwa kweli. Sababu nyingine sikumpa. Wazee wa ukoo wetu wana hofu moja tu kuhusu mrithi: kwamba atakufa mapema na kazi yote ianze upya. Hawamsimiki mgonjwa. Wakimwona anahema kutoka kwenye gari mpaka kwenye kiti, wataanza kunong'ona kabla hajakaa. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningepigwa shoti kabla ya matanga, ningekwenda Muleba na moyo wenye adabu, ningekunywa endeku, na hakuna mtu wa kijijini ambaye angejua.

"Unaweza kunipiga hiyo shoti wiki hii?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Wiki ijayo?"

Akaweka kalamu chini. "Mzee, nisikilize. Damu inayozubaa kwenye chemba zinazotetemeka huganda. Nikiurudisha moyo leo, unaanza kusukuma vizuri, bonge la damu linatoka, linapanda kichwani. Utakuwa na mdundo mzuri sana, na nusu ya mwili ambayo haitausikia. Kwanza unameza hii wafarini wiki zisizopungua tatu bila kukosa. Tunapima damu. Ikikaa kwenye kiwango muda wote huo, ndipo tutazungumza. Na pombe hakuna. Ukinywa, damu inayumba, tunaanza kuhesabu upya."

"Nina sherehe kabla ya hapo."

"Sherehe gani?"

"Nasimikwa kuwa mrithi wa baba."

Akanitazama kwa kitu kilichofanana na huruma. "Unataka kuwa mrithi au marehemu? Amua, nina wagonjwa nje."

Nilitoka nikampigia simu shangazi. Huyu ndiye dada wa baba aliyebaki. Aliolewa Kimwani, huko huko Muleba, amezika waume wawili, na huwazungumzia wote wawili kama vibarua walioacha kazi bila kuaga.

"Shikamoo shangazi. Nilikuwa naomba tusogeze mbele matanga kidogo."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Kuna kazi."

"Kazi gani? Ile ya kutuandika?"

"Ya chuo, shangazi."

"Ndizi za rubisi zimeshavundikwa. Ndizi hazijui chuo." Nikasikia akimwambia mtu pembeni yake, kwa Kihaya na bila kupunguza sauti, kwamba mtoto wa kaka ameanza visingizio. Kisha akanirudia. "Ungekuwa umekufa wewe, baba yako asingesema ana kazi."

Ikabidi niende tu. Kwanza nilikwenda kushonesha kanzu kwenye duka la nguo la familia ya Kihindi, mojawapo ya machache yaliyobaki mjini. Mama mwenye duka alizaliwa Bukoba na anaongea Kihaya kizuri kuliko watoto wangu. Alinipima mwenyewe.

"Kifua kimepungua, mwalimu."

"Nimepunguza kula."

"Na unahema."

"Ni ngazi."

"Duka langu halina ngazi," akasema, akafunga futi yake. "Nitakushonea ndefu. Itaficha magoti."

Nikatambua kwamba kama mfanyabiashara ameliona jambo hilo akiwa na pini mdomoni, shangazi ataliona akiwa barabarani. Lakini kwa kuhema ningeweza kusingizia uchovu na huzuni. Tatizo lilikuwa endeku.

Mke wangu ndiye aliyetoa wazo. Alilitoa kwa hasira, kwa sababu alikuwa ameshaniambia nimwachie mdogo wangu kibanja na nimwachie yeye mume.

"Fumba midomo," akasema. "Inua kibuyu, fanya kama unakunywa, ukishushe. Watoto wangu darasani wanafanya hivyo na dawa ya minyoo."

"Lakini natakiwa kuimaliza."

"Basi usiimalize. Mwite mdogo wako, sema mnataka kunywa pamoja. Si unajua kutunga?"

Nililipenda wazo hilo. Lilikuwa na upendo, lilikuwa na usasa, na ningeweza hata kuliandikia makala: mrithi anayegawana kibuyu na mdogo wake. Tukafanya mazoezi jikoni kwa maji ya kikombe. Nilikuwa nainua, nafumba midomo, natoa sauti kidogo ya kumeza. Mke wangu alikuwa akimenya ndizi na kunikosoa. Mara nafumba macho kama mtu anayebusu. Mara sauti ya kumeza inatoka kabla kikombe hakijafika mdomoni. Tulilala akiwa amenipitisha kwa alama za chini kabisa.

Siku ya matanga ilikuwa na jua. Mchungaji alikuja, maana sisi ni Walutheri wa tangu babu, akaongoza ibada, akala ndizi na nyama, akatazama saa yake na kuaga. Huondoka mapema kila mara. Anajua kinachofuata, na sisi tunajua kwamba anajua, na tunamsindikiza kwa heshima mpaka pikipiki yake isisikike tena. Ndipo mitungi inapotolewa.

Nilitembea kutoka chini ya turubai mpaka kwenye kiti cha baba polepole, kwa hatua ambazo nilitumaini ni za mtu mwenye majonzi. Wakanivisha koti. Lilikuwa kubwa. Baba alikuwa mtu wa mabega. Mimi ni mtu wa maoni. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekamua rubisi ile kwa mikono yake, alikuja na mtungi akajaza endeku, akampa shangazi. Shangazi akaonja kwa namna iliyopunguza kinywaji waziwazi, akafuta midomo, akanipa kwa mikono miwili.

Nikainua. Nikafumba midomo. Rubisi ikanigusa, tamu na chachu, ikanirudisha nyuma miaka yote. Nikatoa sauti ya kumeza, mara moja, mara mbili, nikashusha.

"Ndugu yangu," nikasema kwa sauti ya kutosha, "njoo tunywe wote. Baba alikuwa wetu sote."

Kigelegele kimoja kikatoka upande wa wanawake. Mtu mmoja akapiga makofi. Nikajiona nimefaulu.

"Ngoja," akasema shangazi.

Akachukua endeku mkononi mwangu, akachungulia ndani, kisha akageukia watu.

"Nimeliangalia koo lake," akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo. "Halikupanda wala halikushuka."

"Nimekunywa, shangazi."

"Umekunywa nini? Hewa?" Akakiinua kibuyu wakione. "Mimi nimeonja mbele yenu. Nimekufa?"

Akakisogeza kibuyu mbele ya wazee.

"Nauliza. Nimekufa?"

"Hujafa, waitu," akasema mzee mmoja nyuma, kwa neno letu la heshima.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na nimewahi kufanya mambo mengi ya kijinga kwa maandishi, lakini hili lilikuwa la mwili. Kwetu, kukataa kinywaji ambacho mtoaji amekwisha kukionja kuna maana moja tu: unaamini sumu iko chini, na umewekewa wewe. Aliyekamua pombe alikuwa mdogo wangu. Ambaye angepata kibanja mimi nikifa alikuwa mdogo wangu. Kwa kufumba midomo nilikuwa nimemshtaki kwa kutaka kuniua, siku ya kuanua matanga ya baba yetu, mbele ya ukoo mzima, na nikiwa nimemalizia kwa kumkaribisha anywe yeye kwanza.

Watu wote walikuwa wanamtazama. Yeye alikuwa anatazama mtungi. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, nami nilijua, kwa sababu nimemjua tangu amezaliwa, kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu.

Ningeweza kunywa. Endeku ilikuwa pale pale, karibu imejaa. Ningeipokea, ningeimaliza, ningekuwa baba. Damu ingeyumba kidogo, daktari angenitukana, tungeanza kuhesabu upya. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile, na jibu la kweli halinipi sifa. Sikuacha kunywa kwa sababu ya hekima. Niliogopa. Nilimwona yule daktari akisema nusu ya mwili, nikauona mguu wangu wa kushoto ukiburutwa kwenye kibanja changu mwenyewe, na mkono wangu ukakataa kunyooka.

"Sio sumu," nikasema. "Ni moyo. Ninaumwa moyo."

Ukimya ulikuwa mkubwa, na mimi ukimya mkubwa huwa nauchukulia kama mwaliko wa kutoa mhadhara. Kihaya changu hakina maneno ya chemba za juu na chemba za chini, nikahamia Kiswahili, nikawaeleza mpapatiko, na damu inayozubaa, na bonge, na kiwango, na shoti. Nilitumia mikono. Nilifumba na kufumbua vidole kuonyesha moyo mzuri, kisha nikavichezesha kuonyesha wangu.

"Kwa hiyo moyo unatetemeka," akasema yule mzee wa nyuma, ambaye ni binamu wa baba.

"Unapapatika, baba."

"Hata sasa hivi?"

"Hata sasa hivi."

"Unaogopa nini?"

"Hauogopi. Ni ugonjwa tu."

"Na watakupiga umeme."

"Mara moja tu. Kifuani."

"Umeme huu huu wetu? Unaokatika?"

Watu wakaangua kicheko. Kilianzia kwa wazee kikaenda mpaka jikoni, ambako hawakusikia vizuri lakini wakaelezwa, wakacheka upya. Shangazi alicheka mpaka akashika bega langu, yaani bega la koti.

"Afadhali!" akasema akifuta machozi. "Afadhali jamani. Nilidhani anatuogopa. Kumbe anakufa tu."

Na vigelegele vikapigwa, vya kweli, vikubwa kuliko vya kwanza. Walikuwa wamefurahi kwa dhati. Hakuna aliyemwekea mtu sumu. Ukoo ulikuwa salama. Niliona mdogo wangu akipumua, na hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao kidogo, kwa sababu ilikuwa inachekesha, na kwa sababu nilikuwa sijaelewa bado kwamba imekwisha.

"Mvueni koti," akasema shangazi. "Taratibu, huo moyo usije ukashtuka kabla ya umeme."

"Shangazi," akasema mdogo wangu, "kaka yupo hai."

"Nani amesema hayupo? Kaa."

"Baba alimtaja yeye."

"Baba yako alimtaja mtu mwenye moyo. Kaa, nimesema. Rubisi inachacha."

Mikono ilinivua koti kwa upole wa ajabu, kama unavyomvua mtoto aliyelala. Akavishwa mdogo wangu, likamkaa kama lilivyomkaa baba. Akaipokea endeku, akanitazama mara moja juu ya ukingo wake, akainywa yote bila kupumzika. Shangazi alilifuata koo lake kwa macho, likipanda na kushuka, mpaka tone la mwisho. Mimi nililetewa soda ya orenji yenye mrija, na mtu akasogeza kiti changu kivulini ili nisichoke.

Wiki zile zilipotimia damu yangu ilikuwa kwenye kiwango muda wote. Daktari alilinganisha majibu, akainua nyusi.

"Kumbe hukunywa."

"Sikunywa."

"Ulisimikwa?"

"Hapana."

"Basi sasa una nafasi," akasema, akaniandikia siku.

Sikumbuki shoti yenyewe, na anayenieleza kwamba niliruka kitandani kama samaki ni mke wangu peke yake, ambaye hakuwepo chumbani. Nakumbuka vibandiko vya baridi, kimoja kifuani na kimoja mgongoni, dawa ikiingia mkononi, na daktari akiniambia nihesabu kurudi nyuma, jambo ambalo nilianza kulipinga kwa hoja. Kisha nikawa macho, kifua kikiwasha kama kimepigwa na jua, na ndani kulikuwa kimya. Nilingoja kusikia kitu. Hakikuja. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu mwenye afya hausikii moyo wake.

Daktari alinionyesha karatasi mpya. Mistari ilikuwa imepangwa kama mahindi ya mkulima makini. Nikatokwa na machozi.

"Ni dawa ya usingizi," akasema daktari. "Wengi hulia." Akaniongezea kwamba nisiache kidonge hata kimoja, vya mdundo wala vya damu, na kwamba nisijisifu mapema: miezi ya mwanzo ndiyo moyo hupenda kurudia upuuzi wake.

Mimi nikaenda kujisifu. Mara nilipopata nguvu nilipanda gari kwenda Kishanda. Nilimwambia mke wangu nakwenda kumsalimia mdogo wangu. Ukweli ni kwamba nilitaka wanione nikitembea kutoka barabarani mpaka mlangoni bila kuhema. Na chini ya hapo kulikuwa na wazo ambalo sikulisema kwa sauti hata moyoni: kwamba kilichofanywa kwa sababu ya moyo kinaweza kufutwa kwa sababu ya moyo.

Nilitembea vizuri sana. Shangazi alikuwepo, amekuja kutoka Kimwani kusaidia kuchuma kahawa, akaniangalia nikija tangu mbali. Mdogo wangu alitoka amevaa koti la baba juu ya nguo za shamba. Akanikumbatia, akanipa kiti, akauliza habari za nyumbani, za umeme, kama uliuma. Kisha akasimama.

"Kaka, njoo nikuonyeshe kitu. Ila usinikasirikie."

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Kando ya kaburi la baba alikuwa amekata migomba, mashina kama manne hivi, amechimbua vishina na kusawazisha ardhi, na juu yake kulikuwa kumechipua majani madogo ya kijani kwa mistari.

"Hapa ni pako," akasema. "Wazee wamenipa kazi ya kupanga mambo, nikaona nianze na wewe. Sitaki ije iwe mbio mbio siku yenyewe. Udongo wa hapa ni laini, na hautuami maji."

Nilimtazama nikatafuta dhihaka usoni pake. Haikuwepo. Alikuwa anangoja nimshukuru. Kulazwa karibu na baba ni heshima, wapo watu wa ukoo wanaoigombea, na alikuwa amenipa kabla sijaomba. Ndicho kipande pekee cha kibanja ambacho angeweza kunipa, na alikuwa amenichagulia kizuri.

"Lakini nimepona," nikasema. "Shika hapa."

Nikampa mkono. Akaweka vidole juu ya mshipa, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Unapiga vizuri," akasema. "Kama wa ng'ombe."

"Sasa?"

"Sasa migomba nimeshaikata, kaka."

Shangazi alikuwa ametufuata. Alisimama kwenye ukingo wa mistari ile ya kijani akiwa na ungo wa kahawa kiunoni.

"Usisononeke, mwanangu," akasema. "Hatukuacha pakae bure. Tumepanda maharage. Hayakai sana, miezi mitatu tu. Ukiwahi, tutayang'oa. Ukichelewa, tunavuna."

"Na nikichelewa sana?"

"Tunapanda mengine. Aibu itakuwa yako, si yetu."

Nililala Kishanda siku ile, na asubuhi nikawasaidia kupalilia, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilipalilia vibaya. Shangazi alinifuata nyuma akirudishia mche mmoja baada ya mwingine.

Mvua ilikuwa nzuri msimu ule. Mdogo wangu alinitumia picha za maharage kwenye simu: yametoa maua, yametoa maganda. Sidhani kama aliona ubaya wowote. Nami nilikuwa nameza vidonge vyangu kwa wakati kama mtu anayesali, na kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani nilikuwa nashika mkono wangu na kusikiliza, mpaka mke wangu akaniambia niuache upumzike, na wenyewe una kazi.

Moyo ulirudi kupapatika mchana mmoja nikiwa nimekaa nasahihisha insha. Sikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekosa kidonge. Sikuwa hata nimepandisha sauti. Nilikaa nikitumaini ni njaa, kisha nikachukua kofia nikaenda hospitali.

Daktari alitazama karatasi, akanipa nijionee. Mahindi yalikuwa yamelala.

"Nimekosea wapi?" nikamuuliza.

"Hujakosea popote, mzee. Ndivyo moyo wako ulivyo." Alisema bila ukali wowote, na hilo lilinitisha kuliko ukali wake. "Tunaweza kujaribu shoti tena. Lakini damu yako imeshuka chini ya kiwango kidogo, kwa hiyo tunaanza kuhesabu wiki upya. Au tunauacha hivyo hivyo, tunaupunguza kasi, unazoea. Kafikirie."

Nilikuwa nimesimama nje ya geti la hospitali, bado nafikiria, simu ilipoita. Alikuwa mdogo wangu. Nyuma yake nilisikia majani makavu yakikanyagwa, na sauti ya shangazi ikihimiza watu.

"Kaka, maharage yamekomaa," akasema. "Wewe je?"

Akacheka, na shangazi akacheka, na ninaapa kwamba kilikuwa kicheko cha watu wanaonipenda. Niliweka vidole kwenye mshipa wa shingo. Huko ndani kila kitu kilikuwa kinakwenda upande wake.

"Vuna," nikamwambia. "Kisha upande mengine."